Mtulinga umevunjika mara mbili: je, baiskeli inadhoofisha mifupa ya kijana wangu?

Swali, kutoka kwa mama mmoja wa Eldoret: "Mwanangu ana miaka 16, kimo sentimita 172, uzito kilo 58. Huu ni mwaka wa tatu anashindana mbio za baiskeli za barabarani, na kwa wiki hupiga kilomita 250 hadi 300. Ndani ya miezi 14 amevunjika mtulinga mara mbili. Tangu mashindano ya dunia yafanyike Kigali mwaka 2025 amepunguza ugali. Anasema lazima awe mwepesi ndipo apande vizuri kutoka bonde la Kerio hadi Iten. Kocha asema baiskeli ni mazoezi ya mwili mzima, kwa hiyo mifupa haiwezi kuwa na shida. Jirani yangu nesi ananiambia ninunue tembe za kalsiamu. Nimsikilize nani? Na dada yake wa miaka 13 naye ameanza kuendesha. Nimkataze?"

Jibu:

Mama, tuanze na mtulinga, maana ndio uliokutia hofu. Waendesha baiskeli wanapoanguka, mfupa unaovunjika sana ni huo. Mtu anarushwa juu ya usukani, anatua kwa bega, na nguvu yote inapita katika kijifupa chembamba kinachounganisha bega na kifua. Akianguka hivyo ndani ya kundi linalokwenda kilomita 40 kwa saa, hata mwenye mifupa mizuri anaweza kuvunjika. Kwa hiyo mitulinga miwili peke yake haithibitishi kwamba mifupa yake ni dhaifu. Kinachopima uzito wa jambo ni namna alivyoanguka. Ikiwa mara ya pili aliteleza tu uani, au alianguka baiskeli ikiwa imesimama, hapo pana neno. Na ikiwa ufa wa pili uko pale pale pa kwanza, tena miezi michache tu baadaye, huenda mfupa haukuwa umeunga sawasawa aliporudi barabarani. Daktari akizilinganisha picha zote mbili za eksirei atalitambua hilo, kwa hiyo usizitupe.

Hata hivyo swali lako lina msingi, hata kama asingeanguka kabisa. Katika hili kocha amekosea, na si yeye peke yake.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Ndani yake zimo seli zinazohisi mfupa unapopinda, hata kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, na kupinda huko ndiko kunakotoa amri ya kujenga. Kinachoupinda ni mshindo na uzito: mguu unaotua chini, mgongo unaobeba mzigo, msuli unaovuta kwa ghafla. Anayekimbia huutia mguu nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake kila hatua. Anayeruka na kutua hupita hapo. Sasa mtazame mwanao akiwa kwenye baiskeli. Kiti, usukani na pedali vimembeba. Mguu unazunguka bila kugonga kitu. Moyo unapiga kwelikweli, mapafu yanahema, mapaja yanawaka moto, lakini mfupa haujaambiwa chochote. Anaweza kumaliza saa nne za namna hiyo, na kwa upande wa mifupa ikawa kama alikuwa ameketi darasani.

Ndiyo maana tafiti za waendesha baiskeli wa barabarani, watu wazima kwa vijana, zimerudia kuonyesha kwamba mifupa ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na mara nyingi ya nyonga pia, ina madini machache kuliko ya wakimbiaji, na pengine kuliko ya watu wasioshiriki mchezo wowote. Wanaoendesha baiskeli za milimani huonekana kuwa afadhali, kwa sababu wao hutikiswa, hushuka na kusukuma, husimama juu ya pedali. Mazoea ya mchezo wenyewe nayo yanaongeza shida: mpanda baiskeli hufundishwa kwamba akipata pa kuketi asisimame, na akipata pa kulala asiketi, ili miguu ipumzike. Kwa miguu ni ushauri mzuri. Kwa mifupa ya kijana wa miaka 16 ni hasara juu ya hasara.

Umri nao una uzito wake. Karibu robo ya madini yote ya mifupa ya mtu mzima huingia katika miaka miwili tu, ile inayozunguka kilele cha kurefuka: kwa wasichana kwenye miaka 12 na nusu hivi, kwa wavulana kwenye miaka 14. Kufikia miaka 18 hadi 20, kama asilimia 90 imeshawekwa. Tena urefu hutangulia na madini hufuata nyuma kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kuna kipindi mifupa huwa mirefu lakini haijajaa, na ndipo watoto wengi, wawe wanamichezo au wasiwe, huvunjika mikono. Mwanao yuko mwishoni mwa kipindi hicho. Bado kuna miaka michache ya kujaza, ila si mingi. Dada yake yuko katikati yake kabisa.

Hadi hapa nimeitaja baiskeli tu. Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni ugali.

Mwili ukiingiza nishati kidogo kuliko unayotumia, haupunguzi kila kitu sawa. Moyo utaendelea kupiga na misuli itaendelea kukanyaga pedali. Kinachokatwa ni yale yanayoweza kungoja: homoni za uzazi, kinga, kukua, na ujenzi wa mifupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014, ikalirekebisha mwaka 2018 na tena 2023, na tangu mwanzo ilisema wazi kwamba wavulana na wanaume nao hupatwa. Miongoni mwa waendesha baiskeli wanaume waliochunguzwa Uingereza, jambo lililohusiana zaidi na udhaifu wa mifupa ya mgongo lilikuwa nishati pungufu, kuliko idadi ya saa za mazoezi.

Tupige hesabu ya mwanao. Kilo 58, tuchukulie asilimia 10 ni mafuta, zinabaki kilo 52 za misuli, mifupa na viungo. Siku ya mazoezi anaendesha saa 3 kwa wastani wa wati 150. Hiyo ni kilojuli 1,620 kwenye pedali, na kwa sababu mwili hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto, namba ya kilojuli za pedali hukaribiana sana na ya kilokalori zilizochomwa. Tuseme 1,600. Mtu mzima mwenye afya hutakiwa kubakiwa na kama kilokalori 45 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, baada ya kutoa zilizoliwa na mazoezi. 45 mara 52 ni 2,340; ongeza 1,600, unapata karibu 3,940 kwa siku. Na huyu bado anakua, kwa hiyo hiyo ndiyo sakafu.

Sasa kijana aliyepunguza ugali anaweza kula kilokalori 2,800 na akajiona ameshiba. Toa 1,600, zinabaki 1,200. Gawanya kwa 52: ni 23. Kwa wanawake waliopimwa maabara, chini ya 30 homoni na alama za ujenzi wa mifupa katika damu huanza kuharibika ndani ya siku chache. Kwa wavulana mstari huo haujanyooka vile, lakini 23 ni chini kwa kipimo chochote.

Pengo la kilokalori 1,100 si la kutisha ukiliona mezani. Ugali wa gramu 200 za unga una kama 720. Ndizi mbivu tatu ni 300 hivi. Kikombe cha maziwa ni 160. Yaani ile sahani anayoikwepa, na matunda, na maziwa. Tazama pia kwamba uzito wake kwa kimo chake si mdogo kiasi cha kumshtua mtu. Uwiano wa uzito kwa kimo (BMI) ni kama 19.6, wa kawaida. Ndiyo sababu walimu, makocha na hata zahanati hulipita jambo hili: mtoto anayeonekana mzima kwenye mizani anaweza kuwa na njaa kwenye mifupa.

Usimwambie "kula zaidi" ukaishia hapo, maana atakujibu na hoja ya wepesi. Mpangie wakati. Kabla ya kutoka asubuhi asiende na chai ya rangi peke yake. Uji, au mkate na mayai, au viazi vitamu. Safari ikizidi dakika 90 ale akiwa barabarani: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Vijiko vikubwa vitatu vya sukari, visivyo na kilele, na chumvi kidogo katika chupa ya mililita 750 ni kama gramu 37. Wanga unaoliwa wakati wa mazoezi hupunguza ishara za ubomoaji wa mifupa zinazopanda baada ya safari ndefu, kwa hiyo huku si kumdekeza. Akirudi, ndani ya saa moja apate nusu lita ya maziwa na yai, ambayo ni zaidi ya gramu 20 za protini, kisha chakula cha kawaida na ugali wake ndani. Makosa ya kila siku ni haya: safari ya asubuhi, kuoga, kulala, na kula saa nane mchana. Jumla ya siku inaweza kutosha kwenye karatasi, lakini mwili umekaa saa sita ukijila wenyewe.

Dalili za kuangalia ukiwa nyumbani: mafua yasiyoisha, kuhisi baridi wenzake wasipoihisi, hasira za karibu, usingizi wa kukatika, na muda wake wa kupanda mlima kutobadilika au kuwa mbaya ingawa anafanya mazoezi zaidi. Kwa wavulana ipo nyingine iliyo wazi kuliko zote, kupungua kwa kusimama kwa uume asubuhi anapoamka. Hilo mwachie baba yake, mjomba au daktari alipeleleze. Mpime kimo kila miezi mitatu kwenye fremu ya mlango kwa penseli, na uzito mara moja kwa mwezi, si kila asubuhi. Kimo kikipanda na uzito usipande, hilo ni tatizo hata kama anashinda.

Kuhusu kalsiamu, jirani yako amegusa penyewe lakini ametaja dawa mbaya. Kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji kama miligramu 1,300 kwa siku, na kwa nyumba ya Eldoret hiyo inapatikana jikoni. Glasi ya maziwa au mursik ya mililita 250 ina karibu 300. Glasi mbili ni 600. Vikombe viwili vya chai iliyotiwa maziwa nusu kwa nusu ni kama 300. Sukuma wiki iliyopikwa, gramu 100, ni 150 hivi, na kalsiamu yake mwili huichukua vizuri. Uji wa gramu 50 za unga wa wimbi unakaribia 170, ingawa si yote inayoingia mwilini. Ukichachushwa inaingia zaidi. Jumla ni 1,220. Ongeza omena wanaoliwa na mifupa yao mara mbili tatu kwa wiki na hesabu imevuka. Mchicha na spinachi ni mboga nzuri, ila zina oksaleti nyingi zinazoifunga kalsiamu, kwa hiyo zisihesabiwe hapa. Anayeumwa tumbo kwa maziwa mabichi au ya chai mara nyingi huvumilia mursik, mala au mtindi.

Kuna jambo dogo hapo linalowahusu wapanda baiskeli hasa. Katika safari ndefu jasho hutoka na kalsiamu. Kiwango cha kalsiamu katika damu kikishuka, tezi ndogo za shingoni, zilizo nyuma ya tezi ya dundumio, humwaga homoni inayokwenda kuichukua pale ilipo nyingi, yaani mifupani. Watafiti wa Australia waliwapa wanawake waendesha baiskeli kifungua kinywa cha maziwa chenye miligramu 1,350 za kalsiamu, dakika 90 kabla ya mazoezi makali, na homoni hiyo pamoja na ishara za ubomoaji hazikupanda sana kama kwa walioanza na chakula chenye kalsiamu kidogo. Jaribio lile lilipima damu ya siku moja, halikupima mifupa ya mwaka mzima, lakini halina gharama kulifuata: glasi mbili za mala au mursik saa moja na nusu kabla ya kutoka. Mapema hivyo, si akiwa amevaa kofia tayari, la sivyo tumbo litamsumbua mlimani.

Tembe nunua pale tu mlo usipoweza kufika, na daktari akikubali, si zaidi ya miligramu 500 kwa mkupuo. Huleta ugumu wa choo, na zikizidi huongeza hatari ya mawe ya figo. Hazizibi pengo la kilokalori 1,100, na hazitoi ule mshindo nilioueleza. Vitamini D ipimwe kwanza; chini ya nanomoli 50 kwa lita ndipo atibiwe. Kwa mtoto anayeshinda juani karibu na ikweta si kawaida kupungukiwa, lakini wapo wanaoendesha saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi wamevaa mikono mirefu, kisha wanaingia darasani hadi jioni, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Na unga wowote wa "kuongeza mwili" unaouzwa dukani asiuguse. Kijana anayeshindana anaweza kupimwa na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kama mtu mzima.

Tuje kwenye mishindo, ambayo ndiyo dawa ya mifupa na haiuzwi. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba mfupa husikia mishindo ya mwanzo tu. Baada ya makumi machache huacha kuitikia, na huhitaji saa kadhaa kurudisha usikivu. Hii ndiyo habari njema, kwa kuwa dakika 10 zinatosha na hazimwibii nguvu za baiskeli. Watoto wa shule huko Oregon, Marekani, walioruka mara 100 kutoka kwenye masanduku ya sentimita 61, mara tatu kwa wiki kwa miezi 7, walizidi wenzao kwa asilimia 4.5 ya madini kwenye shingo ya paja na asilimia 3.1 mgongoni. Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, nacho kiliwapa mazoezi ya kuruka wavulana wa miaka 12 hadi 14, wakiwemo waendesha baiskeli, kwa miezi 9, na mifupa yao ilifaidika.

Mwanao asianze na sanduku. Kwanza daktari aseme mtulinga umeunga, kwa sababu kila anapotua bega linatikisika. Wiki mbili za mwanzo: kuruka papo hapo kwa miguu miwili, juu kadiri awezavyo, mara 10, kupumzika dakika mbili, mara 10 tena. Siku tatu kwa wiki, bila viatu vya baiskeli vyenye vyuma, juu ya udongo ulioshindiliwa; nyasi ndefu au godoro humeza mshindo wote. Kati ya mruko na mruko angoje sekunde 10. Wengi hawana subira hapa, wanaruka mfululizo kama wanaokimbizwa, na mapafu ndiyo yanayofaidika. Wiki ya tatu hadi ya sita ziwe seti tatu, siku nne. Baada ya hapo aongeze kuruka kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, kuruka kwenda kando na kurudi, halafu kushuka kutoka kidato cha sentimita 20 na baadaye 40. Mwelekeo mpya ni habari mpya kwa mfupa. Kuruka juu na chini mwaka mzima hakutoshi.

Atue kwa vidole kisha kisigino, magoti yakunjike kidogo na yabaki juu ya vidole vya miguu. Magoti yakiingia ndani yakagusana, mruko ni mkubwa kuliko nguvu zake, apunguze kimo. Akitua kimya kabisa kama paka amejikunja mno na mshindo umepotea. Aruke asubuhi kabla ya baiskeli, au jioni, asiruke akiwa amechoka kutoka safari ya saa nne. Maumivu kwenye kinundu cha mfupa chini ya goti ni ya kawaida kwa wanaorefuka: apunguze miruko kwa nusu na achunguzwe yasipoisha kwa wiki tatu. Maumivu ya mgongo katikati, au ya mfupa wa muundi mahali pamoja panapouma kwa kubonyezwa na kidole, hayo si ya kungoja. Aache kuruka siku hiyo hiyo.

Miruko huusaidia zaidi mguu na nyonga. Uti wa mgongo hutaka mzigo. Mara mbili kwa wiki achuchumae na kuinuka, na ainue uzito kutoka chini huku mgongo ukiwa umenyooka, seti tatu za mara 8. Dumu mbili za maji za lita 10, moja kila mkono, ni kilo 20 tayari, na unaweza kuongeza lita kwa lita. Kwamba vyuma hudumaza watoto ni uvumi usiokufa. Kinachoumiza ni kubeba mzigo usiouweza bila mtu wa kukusimamia. Msimu wa mashindano ukiisha, acheze mpira wa miguu wiki sita nane. Na mmezungukwa na wakimbiaji. Dakika 15 mara mbili kwa wiki hazitamwondolea kasi, akianza pole pole. Ila asidhani kukimbia kunamfidia njaa: wakimbiaji wanaojinyima chakula huvunjika mifupa ya muundi na mguu bila hata kuanguka.

Sasa, apimwe? Ningemtafutia kipimo cha DXA, yaani eksirei ya kupima madini ya mifupa, ikiwa kati ya haya lipo hata moja: kuvunjika kwa pigo dogo, zaidi ya mwaka wa kujinyima chakula, baleghe iliyochelewa, matumizi ya muda mrefu ya prednisoloni (dawa ya steroidi), au ndugu wa karibu mwenye mifupa myepesi. Kwa maelezo yako ningesubiri jibu la swali la alivyoanguka na hali ya mlo. Kipimo hakiumi, mionzi yake ni kidogo sana, lakini hakiko kila mji. Piga simu kwanza uulize kama mashine yao ina viwango vya watoto. Hapa ndipo makosa hutokea. Cheti kikisoma alama ya T, ambayo humlinganisha na mtu mzima wa miaka ya ishirini na kitu, mtoto yeyote anayekua ataonekana mgonjwa. Kwa umri wake inasomwa alama ya Z, inayomlinganisha na wa umri wake, ya uti wa mgongo wa chini na ya mwili mzima bila kichwa, na irekebishwe kwa kimo. Chini ya -2.0 ni madini machache kwa umri. Kati ya -1.0 na -2.0, kwa mwanamichezo, ni sababu ya kurekebisha mlo na mazoezi. Neno osteoporosisi halitumiki kwa mtoto kwa namba peke yake: lazima pawe na pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea bila ajali kubwa, au namba hiyo ya chini pamoja na historia ya kuvunjika mifupa mirefu mara kadhaa. Akipimwa, asirudie kabla ya miezi 6, na mwaka ni bora; mfupa hubadilika taratibu na mashine nayo ina kosa lake.

Kwa hiyo kijana asiache baiskeli. Dakika 10 za kuruka, dumu za maji, sahani ya ugali irudi, na kocha aambiwe mpango huu ili asiufute.

Binti usimkataze. Ana umri ambao kuruka kunalipa kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo mwache aendelee na kamba, kati na mpira wa wavu sambamba na baiskeli, na usikubali kocha yeyote ampime uzito mbele ya wenzake. Kwake kuna kipimo ambacho kaka yake hana. Akishavunja ungo, aandike tarehe za hedhi kwenye kalenda. Mwaka wa kwanza na wa pili hedhi huruka ruka, hilo ni la kawaida, lakini ikikatika miezi mitatu mfululizo, au akifika miaka 15 kabla haijaanza, mpeleke kliniki kabla ya mashindano yanayofuata. Na asipewe vidonge vya uzazi wa mpango ili tu hedhi ionekane: damu itatoka, lakini njaa iliyoizuia itakuwa bado ipo, na kalenda haitaweza kukuonyesha tena.